Laptopu ndogo ya mtumba au mpya ya bei ileile? Nimekaa na zote mbili

Mi natumia ThinkPad X270 ya mtumba mwaka wa tatu sasa, na mdogo wangu alipoanza chuo ikabidi nimtafutie na yeye ya kwake, ndogo, nyepesi, ya kushinda nayo begani kutwa. Hela iliyokuwepo ilitosha mojawapo kati ya mbili: Dell Latitude 7290 iliyotumika, toleo la 2018, au laptopu mpya kabisa ndani ya boksi lake, kampuni sitaitaja, yenye prosesa ya Celeron N4020. Yeye alitaka mpya na namwelewa, kitu kipya kina raha yake, hakina mkwaruzo, kina waranti, hakuna mtu aliyewahi kumwagia chai kwenye kibodi yake. Tukachukua mpya. Tukakaa nayo siku nane, tukairudisha kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Ile mpya ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 4 na diski ya eMMC, hifadhi ya bei rahisi na ya polepole kuliko SSD, ya giga 64. Ukisoma kwenye boksi unaona sawa tu, ila hicho ndo kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali kukaa, chini ya hapo haiingii, yaani unanunua mashine ambayo siku ya kwanza tu imeshafika ukingoni. Ilipomaliza kujisasisha nafasi iliyobaki ilikuwa ya kuhesabu. Dogo akafungua PDF ya maelezo ya somo, brauza yenye tabo sita hivi, halafu akaingia kwenye kipindi cha video, sauti ya mwalimu ikaanza kukatika. Anabonyeza kitu kimya, anabonyeza tena kimya, kisha vinafunguka viwili kwa mpigo kwa sababu kumbe ile mara ya kwanza ilisikia. Niliumia kumwangalia maana alikuwa anadhani yeye ndo hajui kutumia.

Na ubaya ni kwamba huwezi kuisaidia. RAM imelehemewa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine), eMMC nayo imelehemewa, prosesa ina viini viwili tu (cores, vichwa vyake vya kufanyia kazi). Ilivyo siku ya kwanza ndo itakavyokuwa mpaka ife.

Latitude tukaipata baadaye. Ina prosesa ya i5-8350U, viini vinne, ilikuja na RAM giga 8 kwenye kijiti kimoja na SSD ya M.2, diski ya kasi inayochomoleka. Ukilegeza skrubu za chini mfuniko wote unatoka, kijiti cha RAM unakiona kimekaa pale kimelala, unasukuma vishikio viwili vya pembeni kinainuka chenyewe kama kinakusalimia, unachomoa, unaweka cha giga 16. Dakika kumi na tano hazijafika. Kipindi kilekile cha video, PDF ileile, tabo sasa zimefika ishirini maana ndo zake, na sauti haikatiki. Mashine ina uzito wa kilo moja na kidogo, kibodi ina kina kizuri cha kubonyeza, na ina tundu la HDMI la kawaida kwa hiyo projekta unachomeka moja kwa moja bila kutafuta adapta.

Sasa msinielewe vibaya nikasema mtumba wowote unashinda mpya, hapana. Kuna mstari na mstari wenyewe ni kizazi cha nane cha Intel. Angalia namba baada ya kistari, i5-7200U ni kizazi cha saba, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Kizazi cha saba kwenye laptopu hizi nyembamba ni viini viwili, kuanzia cha nane i5 na i7 zenye herufi U zikaruka mpaka vinne kwa umeme uleule wa wati 15 (i3-8130U bado ni viwili, iangalieni hiyo). Halafu kuna Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ambayo kwa Intel rasmi inaanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine). Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa mtu binafsi anayejiandikisha, baada ya hapo basi. Kwa hiyo ukiona laptopu mbili za mtumba zinafanana sura, moja ya 2017 na nyingine ya 2018, na ya 2018 imezidi kidogo tu, ongeza hicho kidogo. Mwaka huo mmoja ni mkubwa kuliko unavyoonekana.

X270 yangu iko upande mbaya wa huo mstari na bado naipenda sana, niseme ukweli. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, ile ya nyuma naichomoa mashine ikiwa inawaka, nachomeka nyingine iliyojaa, kazi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Kitu hicho kwenye laptopu za sasa za kampuni nyingi hukikuti tena, hata X280 iliyoifuata betri ikafungiwa ndani na RAM ikalehemewa. Mimi nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na kwa kuandika, barua pepe na mahesabu inanitosha kabisa. Ila dogo chuo kinamtaka atumie programu za Windows, kumpa ya kwangu ingekuwa kumtafutia shida.

Kwenye kununua mtumba usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi ya kwanza kabisa, kabla ya hii X270, niliuziwa na muuzaji mmoja aliyeniwashia ikiwa kwenye chaja muda wote, nikaona inang'aa nikalipa, nimefika nyumbani nimechomoa chaja ikazima palepale. Siku hizi chaja naichomoa kwanza ndo salamu zifuate. Kisha nafungua ile dirisha nyeusi ya amri naandika powercfg /batteryreport, inatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo uliobaki leo, muuzaji hawezi kubishana na hiyo. Halafu naizima, naiwasha naingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Ikidai pasiwedi na muuzaji haijui, achana nayo hata kama bei inakuvuta, maana kwenye ThinkPad hiyo pasiwedi iko kwenye chipu yake, hata uchomoe kale kabetri kadogo ka mazabodi haifutiki. Laptopu nyingi za aina hii zinatoka maofisini zikiuzwa kwa mafungu na nyingine bado zimefungwa na ofisi yake ya zamani. Kwa MacBook hakikisha mwenyewe wa mwanzo ametoka kwenye akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako.

Kioo nacho. Hizi za ofisini zilikuja na vioo tofauti ndani ya jina lilelile, X270 kuna yenye 1366 kwa 768 ambayo ukiinamisha kidogo rangi zinageuka, na kuna ya IPS, kioo ambacho rangi hazigeuki ukiangalia pembeni, ya 1920 kwa 1080. Jina la modeli peke yake halikuambii, washa uone, geuza pembeni, soma maandishi madogo.

Kama hela yako inaweza kupanda ngazi moja, hapo mazungumzo yanabadilika. MacBook Air ya M1 ya mwisho wa 2020 haina feni kabisa, iko kimya kama daftari, na kwa chaji hizi za mtumba hazisogei karibu nayo. Ila RAM na diski yake huongezi, ukinunua ya giga 8 umeoa giga 8. Na mpya ya maana, yenye giga 16 na SSD ya kweli, nenda nayo bila kuuliza mtu, waranti ni kitu kikubwa kama laptopu ndo inayokulisha. Ninayoikataa ni ile mpya iliyopunguzwa kila kitu ili ifikie bei ya mtumba.

Latitude ya dogo ripoti ilionyesha betri iliyozaliwa na wati-saa 60 imebaki na 34, ilikuwa inampa saa tatu na nusu hivi. Tulilijua hilo kabla ya kulipa, bei ikashuka, na tofauti ile ndo iliyonunua betri mpya wiki iliyopita. Jana ametoka asubuhi chaja ameiacha mezani, amerudi jioni bado ina asilimia 20.