Kukamua alizeti Kibaigwa: huduma nzuri, kichujio ndicho kinachoangusha

Ukipeleka alizeti kwenye mashine ndogo za Kibaigwa, wilayani Kongwa, dai mzani kwanza. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, haina uzito unaojulikana, na bila kilo huwezi kujua kama umepunjwa. Kilo 65 za mbegu ya Record, iliyozoeleka kanda ya kati, kwa mashine nzima hutoa lita 15 hadi 17. Chotara hutoa zaidi.

Zikitoka 12, usikimbilie kumlaumu fundi. Mbegu yenye unyevu unaozidi asilimia 8 huteleza kwenye skruu, parafujo inayokamua. Iliyokauka kupita kiasi husagika unga na kuziba vitambaa vya kuchujia. Shika mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa, yanapotoka: yawe vipande vyembamba vya moto, vikavu, vinavyokatika ukivikunja. Yakiacha alama ya mafuta kiganjani, skruu imelika. Na kinachoila ni mchanga wa alizeti iliyoanikwa chini. Anika kwenye turubai, pepeta, ndipo upakie.

Kwa ukamuaji wenyewe, alama nzuri: foleni inakwenda, na malipo unachagua, fedha taslimu au kumwachia mwenye mashine mashudu. Piga hesabu kabla ya kuchagua la pili. Zile kilo 65 zinaacha kama kilo 45 za mashudu, na ndani yake bado kuna mafuta asilimia 10 hivi, yaani karibu lita 5. Viwanda vikubwa huyakamua tena kwa kemikali hadi yabaki kama asilimia 1, na mashudu yana wanunuzi hadi Kenya na India. Ukimwachia, jua umemwachia nini.

Kuchuja ndiko kunakotofautisha mashine na mashine. Penye kichujio cha vitambaa na pipa la kutulizia mafuta siku moja au mbili, mafuta yanatoka maangavu, yana harufu ya alizeti, matamu kwa kuunga maharage. Wanaomimina moja kwa moja wanakuuzia mashapo. Kwa chipsi hayafai hata yaliyochujwa vizuri, kwa sababu utomvu wake haujaondolewa na povu linapanda hadi ukingoni mwa karai.

Mbona basi wengi hawanunui kichujio? Mbegu huvunwa kati ya Mei na Julai, na mwenye mashine asiye na mtaji wa kuiweka ghalani hukamua miezi michache, kisha chuma kinalala. Halafu dukani anakutana na mawese. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka nje hadi asilimia 25, na yaliyosafishwa hadi 35. Ulinzi huo ulimsaidia mkulima, lakini tazama lile pengo la pointi 10: anayeleta mawese ghafi na kuyasafishia Dar es Salaam naye alilindwa, tena anafanya kazi mwaka mzima, msimu haumhusu. Ushuru ukipunguzwa ili bei ya mlaji ishuke, wa kwanza kuumia ni mwenye alizeti ghalani. Na Indonesia ilipozuia mawese yake kuuzwa nchi za nje, Aprili hadi Mei 2022, wanunuzi wa Tanzania, waliokuwa wakitegemea nje kwa zaidi ya nusu ya mafuta yao, waliona upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo: mafuta ya nje yakiadimika, anayeumia ni mlaji. Kwa maoni yetu, ushuru unaobadilika mara kwa mara ni mbaya kuliko ushuru mdogo unaotabirika. Hakuna anayekopa kununua kichujio kwa bei ya msimu mmoja.

Kuhusu uchakachuaji: weka kikombe kwenye friji usiku kucha. Alizeti isiyosafishwa hupata ukungu kidogo kwa sababu ya nta yake. Ikiganda nyeupe nzito, kuna mawese ndani. Nenda na dumu lako mwenyewe, lililooshwa na kukaushwa juani siku nzima, maana tone la maji chini yake huyachachisha mafuta mapema.