Jiko la mkaa la udongo katika baridi ya Dodoma
Kipupwe kinapoingia Dodoma mwezi Juni, huwa nalitoa stoo jiko letu la mkaa, la bati lililotiwa udongo wa kuchoma ndani, tulilolinunua Soko la Majengo. Siku ya kwanza linataka subira, kwa kuwa udongo uliokaa muda mrefu bila moto huwa na unyevu, na ukipata moto mkali ghafla huweza kupasuka. Juzi nililiwashia uani kwa mkaa kidogo, nikaacha mlango wa hewa wazi hadi moshi ulipokwisha na vipande vikavaa majivu meupe. Joto linakaa vizuri mno. Maharage yaliendelea kutokota hata mkaa ulipopungua. Kinachoniudhi ni mlango huo, ambao bawaba yake imelegea mapema. Chumbani silipeleki kamwe, kwani hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.