Trekta ya Massey 135 ya zamani: kitabu au fundi?
Wakuu, kama ndo umevuta Massey Ferguson 135, zile zilizoanza kutoka 1964, na unataka kuishika mwenyewe, mi nasema kitabu cha matengenezo kwanza. Fundi wa Unga Limited pale Arusha anasikiliza mlio tu anakwambia valvu zimelegea, hiyo kitabuni hupati ng'o, ila muulize uwazi kiasi gani, "we kadiria tu", wakati kitabu cha Perkins ya silinda tatu, ndo injini yake, kinakupa namba kabisa, inchi 0.012 injini ikiwa baridi, unapitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi, umemaliza.

Kutoa upepo kwenye dizeli nenda kwa fundi bwana, ukimwona anavyolegeza nati huku anapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe umeshaelewa, michoro inachosha, halafu Kiingereza chenyewe kile!