Kipimo cha ELM327 kwenye IST iliyotembea kilomita 268,000: uzoefu wangu

ELM327 ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari (OBD) na kuonyesha namba za injini kwenye programu ya simu. Changu nimekinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Ni cha Bluetooth na kimeandikwa ELM327 V1.5. Kwa bei hiyo ni nakala, na hilo halinisumbui. Angalia tu usivutwe na V2.1 kwa kudhani ni toleo jipya zaidi, kwa sababu nyingi za namba hiyo zimepunguzwa amri ambazo Toyota za zamani zinazihitaji. Gari langu ni IST ya 2004, NCP61, injini 1NZ-FE.

Niseme mapema: ukikinunua ili kuzima taa ya injini, umenunua swichi ya taa. Kazi yake ya maana ni kuonyesha namba za injini ikiwa inanguruma. Kwenye gari lililochoka, namba hizo huanza kuharibika muda mrefu kabla taa haijawaka.

Kuunganisha ndiko kunakowashinda wengi. Soketi iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Weka swichi ON, tafuta kifaa kwenye Bluetooth ya simu, neno la siri ni 1234 au 0000. Baada ya hapo simu inakiona kifaa, lakini kifaa hakilioni gari, na mtu anakirudisha dukani kikiwa kizima kabisa. Vitz, IST, Probox na Premio nyingi za kabla ya 2008 zilitengenezwa kwa soko la Japani. Kontroli boksi zake (kompyuta za injini) huongea kwa waya mmoja, na programu ikiachiwa ijitafutie lugha yenyewe mara nyingi haiipati. Kwenye mipangilio chagua profaili ya Toyota ya soko la Japani badala ya ile ya jumla. Waya huo ni wa polepole, kwa hiyo weka geji tatu au nne tu kwenye skrini. Ukiweka kumi utakuwa unasoma habari za jana.

Geji ya kwanza ninayoiweka ni joto la maji. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, weka swichi ON bila kuwasha. Joto la maji na joto la hewa inayoingia yanatakiwa yawe karibu sawa, kwa Dar kama 27 au 28. Ukisoma -40, waya wa sensa umekatika au soketi yake imechomoka. Kontroli boksi inaamini gari liko kwenye barafu. Kisha washa uendeshe. Themostati ya 1NZ huanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84, kwa hiyo barabarani namba inatakiwa ikae kati ya 80 na 95. Ikicheza 60 na kitu ukiwa kasi 80, ama themostati imekwama wazi, ama haipo. Na mara nyingi haipo. Mafundi wengi huing'oa gari likichemsha mara moja, wakisema ni kifaa cha nchi za baridi. Injini isiyofikia joto lake huendelea kuongezewa mafuta kama iliyowashwa sasa hivi, oili inachafuka haraka, na mwenye gari anaanza kulalamikia kituo cha mafuta. Kurudisha themostati ni nati mbili za namba 10, oringi mpya, na kitundu chenye kipini kinachocheza kikiwa upande wa juu ili hewa itoke. Baada ya hapo jaza kulanti, usijaze maji ya bomba.

Geji mbili zinazofuata ni STFT na LTFT. Ni asilimia ya mafuta ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza kurekebisha mchanganyiko, ya kwanza ya papo hapo, ya pili ya muda mrefu. Kwenye injini yenye umri huu, kati ya -10 na +10 siigusi. Nikikuta LTFT ni +18 kwenye silensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), halafu inashuka hadi +5 nikishikilia mizunguko 2,500, hiyo ni hewa ya wizi, inayoingia kwenye tundu bila kupita kwenye sensa ya hewa: tundu ni lile lile, lakini injini ikivuta hewa nyingi wizi huo unakuwa mdogo kwa uwiano. Ikiwa kinyume chake, silensi iko sawa na namba inapanda unapokanyaga mafuta mlimani, shuku sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya mafuta iliyochoka.

Hewa ya wizi naitafuta hivi. Injini ikiwa imewashwa lakini bado haijawa ya moto sana, na kizima moto kikiwa karibu, napuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo, sehemu moja kwa wakati: mpira mkubwa kati ya eakilina na throto, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini), mpira wa hidrovaki ya breki, gasketi ya manifodi. Simu naiegemeza nione STFT. Ikidumbukia ghafla upande wa hasi, tundu liko hapo. Mpira mkubwa hupasuka ndani ya mikunjo, kwa hiyo kuutazama juu juu hakutoshi. Uchomoe, uukunjue kwa mikono. Plasta ya fundi umeme kwenye mpira huo hudumu hadi injini ipate joto.

Sensa ya hewa ni skrubu mbili za bisibisi ya nyota. Tumia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme peke yake, usiguse nyaya za ndani kwa kidole wala pamba, iache ikauke kabisa. Ile dawa ya kabureta iache kwa throto.

Mahali kifaa kinaponiangusha ni gari linapomisi, yaani silinda moja isipochoma mafuta sawasawa. Kwenye IST hii hakitaji silinda. Narudi kwenye njia ya zamani: chomoa soketi ya koili moja moja injini ikiwa silensi, isiyobadilisha mngurumo ndiyo mbovu. Hamisha koili hiyo kwenda silinda ya jirani. Tatizo likihama nayo, nunua koili. Likibaki, ni plagi (uwazi wake ni mm 1.1) au nozeli. Shimo la plagi likiwa na oili, sili za kava la juu zimekwisha, na koili mpya nayo itaungua. Mgandamizo na ulaji wa oili hakivijui kabisa.

Hasara nyingine ni betri. Kikiachwa kwenye soketi kinavuta umeme hata gari likiwa limezimwa. Changu nimekipima kwa mita: miliampia 45, yaani zaidi ya ampia-saa moja kwa siku, na betri ya NS40 ina kama 35 tu. Safari ya wiki mbili, ukirudi huenda gari lisiwake. Kwa wenye iPhone, Bluetooth ya kawaida ya vifaa hivi haifai; tafuteni cha WiFi au cha Bluetooth LE.

Kufuta kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa) kunafuta pia LTFT, nayo inarudi sifuri mpaka kontroli boksi ijifunze upya. Kwa hiyo andika namba zako kwanza, ndipo ufute. Nikienda kukagua gari la mkononi, hiki ndicho ninachokitazama kabla hata ya kufungua boneti: LTFT ikiwa 0.0 kamili kwenye injini iliyotembea zaidi ya kilomita 200,000, kuna uwezekano mkubwa kodi zimefutwa au betri imechomolewa muda si mrefu. Namwomba muuzaji tuliendeshe nusu saa, kwenye foleni na kwenye lami iliyo wazi, huku namba zikitembea.