Loki ya difu na uwiano wa gia: uzoefu wangu wa kutoka 37/9 kwenda 39/8

Mara ya kwanza kubonyeza swichi ya loki, kifaa kinachoifunga difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), nikiwa kwenye mawe, kilichonijia puani ni harufu ya klachi. Nilikuwa kwenye kijito kikavu, mawe makubwa kama mitungi, gurudumu la nyuma la kushoto likining'inia hewani. Loki ikashika vizuri, magurudumu yote mawili ya nyuma yakawa yanazunguka pamoja kama yamechomelewa kwenye chuma kimoja. Gia ya kwanza, transifa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye lo, yaani gia za polepole zenye nguvu. Tairi likafika kwenye ukingo wa jiwe, enjini ikatetemeka ikitaka kuzima, nikakanyaga klachi nusu na kuongeza mafuta. Gari likaruka juu ya jiwe na kutua kwa kishindo kwenye ngao ya chini. Lilipita, lakini halikupita nilivyotaka.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80 yenye enjini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na taboo (turbo, kifaa cha kuisukumia enjini hewa), giaboksi ya mkono. Kwenye difu kulikuwa na kraunwili (gia kubwa ya duara) ya meno 37 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 9, yaani uwiano wa 4.11: pinioni inazunguka mara 4.11 ili gurudumu lizunguke mara moja. Nilikuwa nimeshatoa matairi ya 265/75R16 na kuweka 315/75R16, kisha nikafunga loki ya hewa nyuma. Suala la uwiano nililiacha kiporo. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo lilifanya difu ileile ifunguliwe mara mbili.

Difu ya kawaida ina tabia ya kupeleka mzunguko kwenye gurudumu lililokosa mshiko. Dereva asiye na loki hulizoea hilo na kulikwepa kwa mwendo: anajitupa kilimani, anaomba kasi imvushe. Ukiwa na loki, kasi hiyo haina kazi tena. Gurudumu likinyanyuka, nguvu karibu yote ya ekseli inakwenda kwa lile lililo chini, na inapitia shafti moja tu ambayo zamani ilikuwa inabeba nusu. Ukiipa shafti hiyo mzigo huo kwa mshtuko, kama nilivyofanya mimi pale kwenye jiwe, unatafuta kukata shafti. Kwa hiyo anayefunga loki anahitaji gari linaloweza kwenda polepole kwa nguvu, bila kuchezea klachi. Loki inakupa mshiko, utaratibu unatoka kwenye gia. Nilikuwa nimenunua cha kwanza na kukipunguza cha pili kwa matairi makubwa.

Tuje kwenye hesabu, maana wengi wanachagua uwiano kwa kusikia mwenzao kaweka nini. Kipenyo cha 265/75R16 ni takribani milimita 804. Cha 315/75R16 ni takribani milimita 879. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, unapata 1.093, yaani tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 9 na ushee. Zidisha 4.11 kwa 1.093, unapata karibu 4.5. Huo ndio uwiano ambao ungenirudisha pale gari lilipokuwa. Hakuna kraunwili na pinioni ya 4.5 kamili kwa difu hii. Ya karibu ni 41/9, ambayo ni 4.556. Inayofuata ni 39/8, yaani 4.875.

Hesabu ilisema 41/9. Nilikaa nayo wiki nzima, mwishowe nikachukua 39/8, na sababu zangu ni hizi. Hesabu ya kipenyo haijui uzito. Tairi kubwa ni zito pia, na uzito wake uko mbali na kitovu, hivyo kulianzisha na kulisimamisha ni kazi zaidi ya ile asilimia 9. Haijui pia kwamba juu ya bodi nina kerea, tenki la pili na vifaa vya safari. Na haijui chochote kuhusu loki, kwamba sasa nataka gari litambae pale ambapo zamani lilijirusha. Enjini yangu haina taboo. Ingekuwa nayo, ningechukua 41/9 bila kusita, kwa sababu nguvu ya chini ingekuwapo tayari na barabarani ningetembea kwa utulivu zaidi.

Gia ya kwanza kwenye giaboksi yangu ni kama 4.08 na lo ya transifa ni kama 2.49. Ukizidisha na 4.11 unapata karibu 42, maana yake enjini inazunguka mara 42 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa 39/8 inakuwa karibu 50. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana ndogo. Kwenye jiwe niliiona mara moja. Nilirudi kwenye kijito kilekile, nikaweka gia ya kwanza ya lo, loki ikiwa imeshika, nikatoa mguu kabisa kwenye klachi na kwenye mafuta. Gari likapanda. Sauti ya enjini ilizama kidogo tairi lilipogusa ukingo, kisha ikarudi, na tairi la nyuma likashuka upande wa pili taratibu kama mtu anayeteremka ngazi na mzigo kichwani. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa sakafuni muda wote.

Wapo watakaokwambia ubadilishe gia za transifa badala ya difu. Ni wazo zuri kwa mtu ambaye matairi yake hayajabadilika, kwa sababu mara nyingi gia hizo hugusa lo tu. Kwangu shida ilikuwa pande zote mbili: hata kwenye lami, gia ya tano ilikuwa ya kuangalia tu, mlima mdogo ukitokea narudi ya nne. Difu inarekebisha gia zote kwa pamoja.

Gharama yake iko kwenye mwendo mrefu. Kwa 100 km/h za kweli, gia ya tano, enjini yangu ilikuwa inazunguka karibu 2,200 kwa dakika na matairi makubwa kwenye 4.11. Sasa ni karibu 2,600. Kwa 41/9 ingekuwa kama 2,400, karibu sawa na ilivyokuwa kiwandani. Makelele yameongezeka, si kidogo. Mtu anayetumia gari lake siku nyingi barabarani na siku chache porini namshauri 41/9 na asinifuate mimi.

Kuna jambo la spidomita ambalo sikulitarajia. Kwenye gari hili inasoma kutoka transifa, kabla ya difu. Nilipokuwa na matairi makubwa na difu ya zamani, ilikuwa ikionyesha 100 nami naenda karibu 109. Baada ya 39/8 imegeuka: ikionyesha 100, naenda kama 92. Hata kilomita zinazohesabiwa ni nyingi kuliko nilizotembea, kwa hiyo usilinganishe ulaji wa mafuta wa kabla na baada bila kusahihisha namba hizo.

Sasa kazi ya fundi, ambayo kwangu ina uzito kuliko uchaguzi wenyewe. Ili kufunga loki ya aina hii, difu lazima ishuke, kraunwili ifunguliwe na kuhamishiwa kwenye nyumba mpya (chuma kinachoibeba, kinachokuja na loki), kisha kila kitu kipimwe upya. Kubadilisha uwiano kunataka kazi hiyohiyo, na juu yake kutoa pinioni. Ndiyo maana nasema fanya vyote siku moja. Tena kwa baadhi ya difu huna hiari: kwenye Dana 44 (aina ya ekseli ya Kimarekani), kwa mfano, nyumba ya uwiano wa 3.73 kushuka chini si ile ya 3.92 kupanda juu, kwa hiyo loki uliyonunua kwa uwiano wa zamani inaweza isikubali ule mpya.

Gereji ya kwanza ilinifungia loki na kraunwili yangu ya zamani. Baada ya siku chache, nikiachia mafuta kwenye kama 70 km/h, kulikuwa na mlio mwembamba kutoka nyuma, kama nyuki ndani ya kopo. Niliambiwa utaisha wenyewe. Haukuisha. Fundi wa pili alipofungua difu kwa ajili ya 39/8, alipaka meno rangi ya njano, akazungusha kwa mkono, akanionyesha: alama ilikuwa imelalia ukingo wa jino badala ya kukaa katikati. Kwenye gia mpya alitoa na kurudisha pinioni mara tatu, kila mara akibadilisha shimu, kibati cha kurekebisha nafasi, nyembamba kuliko ukucha, hadi alama ikakaa kati. Mchezo kati ya meno aliupima kwa saa ya kupimia, ukasoma milimita 0.17. Muombe fundi wako akuonyeshe alama ya rangi kabla hajafunga. Akikataa, chukua difu yako uondoke.

Mbele na nyuma lazima uwiano ulingane. Ukibadilisha upande mmoja, four-wheel haitumiki, itakata kitu. Mbele nimeweka 39/8 na loki pia, ila hiyo naitumia kwa uchoyo: difu ya mbele ya 80 ni ndogo kuliko ya nyuma, usukani unakuwa mzito sana ikishika, na sirudi nyuma kwa nguvu ikiwa imefungwa, kwa sababu kinyumenyume meno yanabeba mzigo kwa upande wao dhaifu.

Kilomita 800 za mwanzo niliendesha kwa upole: dakika ishirini barabarani, nasimama difu ipoe, sivuti kitu. Kisha nikamwaga oili. Ile ya nyuma ilitoka na weusi wa fedha, na kwenye sumaku ya kizibo palikuwa na unga laini kama masizi, bila kipande hata kimoja. Nimeshaimwaga tena tangu hapo na sumaku ilikuwa karibu safi. Mlio wa nyuki haujarudi. Seti zangu za 37/9 nimezipaka grisi na kuzifunga kwenye plastiki, kila kraunwili na pinioni yake, kwa sababu zikitenganishwa hazifai tena.