Chanjo za Hija kwa mzee mwenye kisukari: tulivyohudumiwa mjini Unguja

Nilimpeleka mama kuchanja kwa ajili ya Hija, kwenye kituo kimoja hapa mjini. Sindano yenyewe ni kufumba na kufumbua. Ninachokisifu ni maswali yaliyotangulia.

"Mama, dawa zako zote ziweke hapa mezani," daktari alimwambia. Mama ana presha, na kisukari chake ni cha kuchoma insulini. Daktari akazipitia moja moja, akauliza umri, mzio, safari za nyuma. Wenzake mama wa kikundi walishamtia hofu kwamba homa ya manjano lazima achanjwe upya, kwani kadi yake ya zamani ilionesha miaka 10 imekwisha. Kumbe tangu Julai 2016 dozi moja inatambulika kwa maisha yote, hata kadi iwe imeandikwa vipi. Tena chanjo ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtu akishavuka miaka 60 hachomwi bila kupimwa kama ana haja nayo. Wangetaka pesa tu wangemchoma, nani angejua?

Ikabaki ya homa ya uti wa mgongo, ile iitwayo ACWY kwa kuwa inakinga makundi manne ya bakteria wake (A, C, W na Y), ambayo Saudia inamdai kila hujaji. Ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Zipo za aina mbili, moja inahesabiwa miaka 5, nyingine 3. Hakikisheni aina imeandikwa kwenye cheti, isipoandikwa mnahesabiwa 3.

Kisha nasaha. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye mizigo ya chini ya ndege, maana inaweza kuganda na ikishaganda haifai tena. Saa za kuchoma zibaki zile zile, kwani Makka na Unguja saa ni moja. Joto alilisisitiza sana: Hija ya 2024 walifariki watu zaidi ya 1,300. Mwavuli, maji hata kama huna kiu, na jua la mchana kulikimbia. Aliposema asinywe maziwa mabichi ya ngamia, mama alicheka: "Mwanangu, hata ya ng'ombe siyawezi."

Dirisha la malipo sasa! Unalipa jengo jingine, unarudi na risiti, unapanga foleni upya, na wazee hawana pa kukaa. Karani hata shikamoo hakumpa mama. Cheti kikatoka jina la babu limeachwa, wakati pasipoti ina majina matatu. Tukarudishwa nyuma ya mstari kana kwamba kosa letu. Daktari nampa tano kwa tano. Dirisha linapata mbili, na hizo kwa hisani.

Mkienda, nendeni asubuhi, na msiondoke dirishani kabla ya kusoma jina, tarehe, muhuri na namba ya chanjo. Mama mkono ulimvuta usiku ule tu, asubuhi akaamka anapekua sanduku lake la safari.