Uzoefu wangu na fimbo ya flai niliyoachiwa na babu (Hardy Palakona)

Babu alifanya kazi miaka mingi kwa wavuvi wa samaki aina ya trauti kando ya mto Thego huku Nyeri, na mzungu mmoja aliporudi kwao Uingereza akamwachia fimbo yake ya flai, yaani ya kuvulia samaki kwa nzi bandia. Babu alipofariki ikaja kwangu, imekaa darini miaka ndani ya mfuko wa kitambaa, na kila mtu ananiambia hiyo ni antiki utapata pesa.

Juu ya mshikio wa koki (ile ya vizibo vya chupa) kuna maandishi ya wino, Hardy, chini yake Palakona. Palakona ndo jina ambalo Hardy, kampuni ya fimbo ya Alnwick huko Uingereza, waliipa mianzi yao, na sio mwanzi mzima, ni vipande sita vimepasuliwa vikaunganishwa kwa gundi ndo maana ukiishika unahisi pembe sita. Kwa hivyo cha kwanza angalia gundi. Niliikunja pole pole karibu na sikio nisikie kama inalia tik tik, maana ikilia gundi imeachia, haikulia, nikashukuru sana.

Shida iko kwa ncha, vile vipande vyembamba vya juu, ninavyo viwili. Moja imepinda kidogo, ile ya akiba imekatika kama inchi tatu, na hapo ndo bei inaanguka. Halafu hizi Hardy zilitengenezwa nyingi, minadani huko Uingereza nimeona za hali kama hii zikienda pauni mia na kitu, sio utajiri. Jamaa mmoja wa vitu vya kale Nairobi alinipa elfu tano, nikakataa. Fundi wa fanicha naye alitaka kuipiga vanishi mpya ing'ae, tafadhali usikubali, unafuta maandishi na thamani inaenda nayo.

Kuitumia sasa. Hizi za zamani hazina namba ya mshipi, yaani ya uzito wa mshipi unaofaa fimbo, zile namba zilikuja miaka ya 60, so unajaribu tu. Namba 7 iliilemea, namba 6 ikakaa sawa kabisa. Lakini haitaki haraka, ukizoea fimbo za kaboni utaharibu, rusha nyuma, ngoja mshipi unyooke wote, usikie fimbo imepinda kwa uzito wa mshipi, ndo upeleke mbele. Siku ya kwanza mshipi ulikuwa unakwaruzika sijui kwa nini, kumbe pete ya nchani mshipi unapopita imechimbika kamfereji kembamba kama uzi, nikabadilisha hiyo pete tu. Trauti wa kwanza alikuwa mdogo lakini ile fimbo ilimsikia mpaka kwa kiganja, kaboni yangu hainipi hiyo kitu hata siku moja.

Ikilowa ninaipangusa na kuianika kivulini kabla ya kurudisha mfukoni, na siiegemezi ukutani tena, ninaitundika.

Siiuzi. Kama kuna mtu anajua fundi wa kurekebisha ncha ya mwanzi hapa Kenya aniambie kabla ya mvua ya Aprili, mto ukichafuka hakuna kuvua.